Je, Wajua? Zako Tia Maji

Je, wajua kwamba "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji" ni ushauri wa kinyozi kabla haujawa ushauri wa maisha? Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa viungo vya aina kadhaa. Vilivyo dhaifu huachia maji yakiingia. Unywele hulainika, wembe hupita bila kuvuta. Ukikauka, viungo hushikana tena katika umbo lolote vilimoukuta. Ndiyo sababu mabutu yaliyosukwa jioni nywele zikiwa na unyevu hufumuliwa asubuhi zikiwa zimenyooka kidogo na kurefuka, na ndiyo sababu manyunyu ya Januari hapa Songea hufuta kwa dakika tano kazi ya pasi ya saa nzima.

Je, wajua kwa nini nywele za kipilipili hukauka upesi? Si kwamba kichwa hakitoi mafuta. Mafuta hutoka kwenye ngozi, na unywele ulionyooka huyateremsha hadi nchani kama maji kwenye mfereji. Wetu una kona nyingi, mafuta yanakwama njiani. Shina linang'aa, ncha ina kiu. Kila kopo unalonunua dukani linajaribu kumaliza safari hiyo, na swali la mwenye mfuko mdogo ni moja tu: ndani ya kopo kuna nini hasa?

Je, wajua kwamba viambato kwenye lebo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo? Pita kwenye maduka ya vipodozi ya Majengo, ushike kopo lenye picha ya karoti au zeituni, uligeuze nyuma. Neno la kwanza mara nyingi ni petrolatum, yaani mafuta ya mgando yaleyale ya kupaka mtoto, au paraffinum liquidum, mafuta laini yatokanayo na petroliamu. Karoti utaikuta mwishoni, jirani na manukato na rangi. Ukiona aqua mwanzoni, hayo ni maji. Sisemi hivyo ni vitu vibaya. Nasema usilipe bei ya zeituni ukapewa mgando.

Mafuta ya mgando yenyewe yana umri: Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, akiwa ameyatoa kwenye mabaki mazito yaliyokuwa yakiganda kwenye mitambo ya visima vya mafuta. Hayaloweshi nywele. Ni kifuniko. Ukiyapaka juu ya nywele kavu umefunika ukavu. Ukiyapaka juu ya nywele zenye unyevu umefunika maji yasitoroke. Kopo lilelile, bei ileile, matokeo mawili.

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi? Hapa ndipo Songea inapotupa maabara ya bure. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake mnaijua. Nilinunua chupa ya mafuta ya nazi mwezi wa sita, nikaiweka dirishani. Asubuhi ilikuwa nyeupe pe, imeganda kama mshumaa, hata ukiipindua haitingishiki. Nikarudi sokoni nimekasirika. "Mama, mbona umeniuzia kitu kimeharibika?" Mama yule akaichukua chupa, akaikumbatia kifuani ndani ya kitenge huku akiendelea kuhudumia wateja wengine, akanirudishia pembeni pameshaanza kuyeyuka. "Mwanangu, hiyo ndiyo nazi. Ungeikuta maji asubuhi ya leo, hapo ndipo ungenifuata." Alikuwa sahihi. Mafuta ya nazi matupu hayabaki maji katika asubuhi ya Julai ya Songea. Yakibaki maji, yana mwenzake ndani.

Na mwenzake huyo ana uzito kwa sababu hii: mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroliamu kwenye nywele. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini, kwa kuwa asidi yake kuu, iitwayo lauriki, ina umbo jembamba linaloweza kupenya ndani ya unywele. Ya alizeti na ya petroliamu hukaa juu. Nazi kwetu hutoka mbali, Pwani na Mtwara, na bei yake inabeba nauli. Alizeti inakamuliwa mikoa hii hii ya kusini. Basi gawa kazi: nazi kidogo, kijiko kimoja cha chakula, usiku wa kuamkia siku ya kuosha, alizeti baada ya kuosha, juu ya unyevu, kama kifuniko. Mimi nimekaa na mpango huo miaka kadhaa na chupa moja ndogo ya nazi hunivusha miezi.

Je, wajua kwamba mafuta ya nyonyo yamo katika historia ya mji huu? Maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, yaliyowapa wapiganaji moyo mwaka 1905, husimuliwa kuwa yalikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na nafaka. Vita ya Majimaji ilifika kwa Wangoni, na Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga mashujaa wetu hapa Songea, palipo na Makumbusho ya Majimaji leo. Kwenye nywele, nyonyo ni mafuta mazito kuliko karibu yote tuliyonayo. Hushika vizuri ncha zilizochoka, lakini hayaoteshi nywele kama matangazo yanavyodai, na ukiyamwaga mengi kwenye nywele ndefu yanaweza kuzifunga zikawa bonge lisilochanika. Changanya sehemu moja ya nyonyo na tatu za alizeti. Na wale mnaokamua nyumbani: mbegu za mnyonyo zina sumu kali. Sumu hiyo hubaki kwenye machicha, haiendi na mafuta. Machicha hayo yasiwafikie watoto wala kuku.

Je, wajua kwamba mba hulishwa na mafuta? Mba huhusiana na hamira ndogo iitwayo Malassezia, inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Mtu akiona magamba meupe anadhani kichwa kimekauka, anakipaka zaidi, na mgeni anaongezewa chakula. Mafuta yaende kwenye nywele, siyo kwenye ngozi. Shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni hununuliwa mara moja na kutumika muda mrefu. Iache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, maana wengi huisuuza papo hapo na kusema haifanyi kazi.

Mapunye ni habari nyingine. Yale ni fangasi walioingia ndani ya shina la unywele, na krimu ya kupaka peke yake haiwafikii. Yanahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini ikiwa mojawapo, kwa wiki kadhaa na kwa maelekezo ya zahanati. Huambukizwa kwa kitana, kofia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Kitana cha mtoto ndicho kifaa cha nywele cha bei ya chini kuliko vyote. Kila mtoto awe na chake.

Je, wajua neno shampuu limetoka wapi? Limetoka India, kwenye neno la Kihindi lenye maana ya kukanda na kubonyeza. Kwa hiyo vidole vyako vinavyokanda kichwa ndivyo shampuu ya asili.

Je, wajua kwamba sabuni ya mche husafisha kupita kiasi? Ina ualikali mwingi, na ualikali hufungua magamba ya unywele yaliyolala kama vigae vya paa. Ndiyo maana baada ya kuitumia kichwa kinakwaruza na kitana hakipiti. Kama ndiyo iliyopo nyumbani, suuza mwisho kwa lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha siki, magamba yalale tena. Siki, siyo ndimu: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likawaka, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa.

Yai nalo? Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele. Kaangeni.

Je, wajua kwamba kiambato kikuu cha baadhi ya dawa za kunyoosha nywele ndicho hichohicho wanachotumia watengeneza sabuni, yaani kostiki? Zile zilizoandikwa kuwa hazina kostiki hutumia kemikali nyingine, nazo pia zina ualikali mkali wa kuunguza. Nina alama nyuma ya sikio, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ya saluni moja nilimokuwa nikipiga kelele kwamba naungua na kujibiwa, "Vumilia dada, ndiyo inashika." Haikuwa inashika. Ilikuwa inakula ngozi. Dawa ikianza kuunguza, inatolewa dakika hiyohiyo. Usikune wala kuosha kichwa siku ya kuamkia kutia dawa. Paka mgando pembezoni na kwenye masikio. Na unaporudia, dawa iguse nywele mpya tu. Shampuu nyingi za kutolea dawa hiyo zimetengenezwa povu lake ligeuke pinki maadamu dawa bado imo. Usiinuke kwenye sinki povu likiwa na rangi. Mwambie fundi arudie hadi liwe jeupe, hata kama foleni ni ndefu.

Oktoba 2022 Wamarekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya wasiotumia: kufikia miaka 70, karibu asilimia 4 dhidi ya 1.6. Bado ni wachache, lakini mtu anayetoa pesa yake kila baada ya miezi miwili anastahili kuijua hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba kipara cha pembeni kitokanacho na kuvutwa nywele kiliandikwa kwanza huko Greenland, mwaka 1907, kwa wanawake waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kukaza? Siyo ugonjwa wa Waafrika. Ni ugonjwa wa mvuto. Lakini uchunguzi wa Cape Town wa mwaka 2007 ulikikuta kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa. Dalili zake tunazijua na tunazichekea: huwezi kukunja uso, vipele vyeupe vinatoka kwenye mashina, unameza dawa ya maumivu ili ulale. Kikiwahiwa, nywele hurudi. Kikiachwa miaka, shina linageuka kovu na hakuna mafuta yatakayoliamsha. Akina dada wanaosukwa Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki na kila kibaraza cha mji huu, mna haki ya kusema, "Dada, legeza hapo mbele." Msusi mzuri hachukii kuambiwa. Na kwa watoto, msuko wa twende kilioni uliolegea unapendeza kama uliokazwa.

Je, wajua kifaa cha kunyoosha nywele bila moto wala dawa kinauzwa duka la cherehani? Ni uzi mweusi. Nywele zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, gawa mafungu, zungusha uzi kutoka shina hadi ncha bila kukaza, lala nazo. Bibi zetu walitusuka hivyo Jumamosi jioni, mmoja ameshika taa, mwingine ameshika kichwa kati ya magoti yake. Asubuhi chanuo linapita lote.

Mto wa pamba hunyonya mafuta yako usiku kucha na kukwangua ncha. Bitana ya gauni la mitumba hufanya kilemba cha kulalia kizuri kuliko vingi vya dukani.

Je, wajua maana ya kijikopo kidogo kilichochorwa kifuniko wazi, ndani kimeandikwa 12M? Ukishakifungua, kitumie ndani ya miezi 12. Tazama pia nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwani tangu Julai 2019 ndiyo mamlaka ya vipodozi nchini, kazi iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Angalia jina la mtengenezaji, tarehe, na kama kizibo kimeshavunjwa. Mwaka huohuo wa 2019 nywele bandia nazo ziliwekewa ushuru: asilimia 25 kwa zitokazo nje, 10 kwa za hapa nchini. Ukiona wigi limepanda, sehemu ya jibu iko hapo.

Na piga hesabu kwa mililita, siyo kwa kopo. Tuseme kopo la mililita 100 ni shilingi 3,000, na la 400 ni shilingi 8,000. La kwanza ni shilingi 30 kwa mililita, la pili 20. Kama huwezi kulimaliza kubwa peke yako, nunueni wawili, mgawane kwa vyombo safi.

Je, wajua kwamba nywele 50 hadi 100 hudondoka kila siku kwa mtu mzima mwenye afya? Zikizidi ghafla, kumbuka miezi miwili au mitatu nyuma: homa kali au kujifungua huleta mdondoko baadaye, kisha nywele hurudi zenyewe. Usinunue kopo kwa hofu. Upungufu wa damu nao hupukutisha, na huo unapimwa kituo cha afya.

Je, wajua umri wa ncha ya unywele wako? Nywele zetu hukua kama milimita 8 kwa mwezi. Basi unywele wa sentimita 20, ncha yake ilitoka kichwani zaidi ya miaka miwili iliyopita. Imeoshwa tangu hapo, imechanwa ikiwa kavu, imepigwa jua, imelaliwa, imefungwa rasta na kufumuliwa. Chupa ikibaki na tone moja la mafuta, lipeleke huko nchani.