Oili ya injini: mwenye gari asome herufi za dumu kabla ya bei

WENYE daladala, teksi na malori ya mizigo mjini Mwanza ni wanunuzi wa kudumu wa oili ya injini, lakini si wachache kati yao wanaochagua kwa kutazama mambo mawili tu: bei na jina lililozoeleka. Kwa mfanyabiashara ambaye gari ndilo linalomlisha, uchaguzi wa namna hiyo ni wa hatari, kwani tofauti ya shilingi chache kwenye dumu yaweza kuishia kwenye injini iliyonoki.

Zamani suala hili halikusumbua watu. Wakati wa uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenye gari alishukuru kupata oili yoyote. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na soko likaanza kufunguka. Leo maduka ya spea yamejaa madumu ya kila aina, na injini nazo zimebadilika. Toyota IST au Probox iliyoletwa kutoka Japani haihitaji oili ileile ya lori la miaka ya 1970.

Namba na maana yake

Jambo la kwanza la kusoma ni namba za SAE, ambazo zinaeleza uzito wa oili. Kwenye 15W-40, namba iliyo kabla ya W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo oili ilivyo nyepesi. Oili yenye namba moja tu, kama SAE 40, huwa nzito mno asubuhi.

Mtu wa Mwanza anaweza kusema kuwa namba ya kwanza haimhusu, kwa kuwa kando ya Ziwa Victoria hakuna barafu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea inapowashwa, kabla oili haijafika juu kwenye valvu. Aidha, injini za Toyota zenye maandishi VVT-i hutumia msukumo wa oili kurekebisha wakati wa valvu kufunguka, na njia zake za oili ni nyembamba. Nyingi hutakiwa kuwekewa oili nyepesi kama 5W-30. Mwamuzi ni kitabu cha gari, si mazoea ya gereji.

Kwa injini iliyochoka na inayokula oili, 20W-50 yaweza kupunguza ulaji huo, lakini haiponyi ringi zilizolika. Kuimwagia injini ya namna hiyo oili ghali ni kupoteza fedha; dawa yake ni kuifungua.

Herufi za API

Jambo la pili ni herufi za API, ambazo wanunuzi wengi huziruka. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi inayofuata inaonyesha umri wa kiwango: kadiri ilivyo mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. SF ni ya mwaka 1980 na haifai kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1988. SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Kwa dizeli, CD ni ya zamani sana, CI-4 ilianza mwaka 2002 na CK-4 mwaka 2016.

Hapa ndipo bei rahisi huficha siri. Madumu mawili yanaweza kuandikwa 20W-50 yote, moja likawa SF na jingine SN. Uzito ni sawa, ubora haufanani.

Mwenye lori la dizeli asishtuke oili ikiwa nyeusi mapema. Weusi huo mara nyingi ni masizi yaliyosafishwa ndani ya injini, na ndiyo kazi ya oili.

Saa za kazi nazo zihesabiwe

Muda wa kubadili oili hautegemei kilomita pekee. Vumbi la barabara za vijijini, mizigo mizito, safari fupi za mjini na kusimama huku injini inaunguruma ni kazi ngumu, na watengenezaji hushauri muda ufupishwe. Foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilipungua umuhimu daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, lakini daladala linalongoja abiria stendi bila kuzima injini linaendelea kuchosha oili hata kama kilomita hazisogei.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme oili bora inazidi ile duni kwa Sh 15,000, na inabadilishwa kila kilomita 5,000. Tofauti ni Sh 3 kwa kilomita. Gari linalotembea kilomita 150 kwa siku litaongeza gharama ya Sh 450 kwa siku. Mwenye daladala alinganishe kiasi hicho na mapato ya siku moja gari likilala gereji.

Pikipiki na boti

Oili ya gari haifai kila mahali. Bodaboda nyingi zina klachi inayozama ndani ya oili ya injini, na oili nyepesi za kisasa za magari zaweza kuifanya klachi iteleze. Herufi za kutafuta ni JASO MA. Kwa wavuvi na wasafirishaji wa Kirumba na Ukerewe wenye injini za boti za kuchanganya oili na petroli, alama ni TC-W3. Injini inayotaka kipimo cha 50 kwa 1 huwekewa mililita 400 kwa dumu la petroli la lita 20. Oili ya gari ikichanganywa humo huacha majivu na kuchafua plagi.

Oili bandia

Herufi nzuri hazina maana kama kilichomo si chenyewe. Mnunuzi akague mfuniko na lakiri yake, atafute alama ya ubora ya TBS na adai risiti ya EFD, ambayo ndiyo ushahidi wake akija kulalamika. Dumu tupu litobolewe au likatwe kabla ya kutupwa, kwani wajanja huyatafuta ili wajaze oili chafu iliyochujwa.

Kwa mwenye duka la spea, fundisho ni hilohilo. Magari madogo ya kisasa yanaongezeka barabarani, na wateja wake watazidi kuulizia 5W-30. Anayejaza rafu SAE 40 peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitoka haraka miaka iliyopita, ataona mteja akivuka barabara kwenda duka la jirani.