Tunapoosha Injini ya Gari Nyumbani



Sisi tunaoishi Njombe na Makambako tunalijua vumbi la kiangazi na tope la masika. Gari likirudi kutoka Lupembe, hata chini ya boneti hujaa udongo ulioshikana na oili. Basi Jumamosi baba hutoa ndoo, watoto humzunguka, nasi huchungulia kutoka jikoni. Kazi hiyo ni njema, kwani injini safi huonyesha mapema panapovuja. Lakini ina hatari zake.

Siku moja tulimpokea wodini mtoto wa miaka miwili. Kwao walikuwa wakisugua injini kwa petroli iliyotiwa katika chupa ya soda. Mtoto akaiona chupa, akanywa. Mama yake, kwa upendo, akampa maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike. Katika kutapika, petroli ikaingia mapafuni. Tulikesha naye siku tatu kwenye oksijeni, na Mungu akatujalia akapona. Mama yule alituuliza, "Mbona hakuna aliyenieleza?" Ndiyo sababu tunaandika.

Kwanza, petroli isitumike kabisa. Mvuke wake huweza kudaka moto hata wa jiko la mkaa lililo kando. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na burashi vinatosha.

Pili, injini ipoe kabisa. Baridi ya Njombe isitudanganye: mikono yetu yaweza kuganda huku chuma kikiwa bado cha moto. Maji baridi yakimwagika juu yake, chuma huweza kupasuka na mvuke ukamuunguza mtu. Kifuniko cha rejeta nacho kisifunguliwe kikiwa cha moto.

Tatu, tutoe ufunguo, tuvue pete na bangili, kisha tufungue waya wa betri, tukianza na wa hasi. Tusiwashe kiberiti karibu na betri, maana hutoa gesi inayolipuka. Alteneta, sanduku la fyuzi, plagi na mahali pa kuingizia hewa tuvifunike kwa plastiki. Fungashio za mkate zinafaa. Magari ya haibridi tumwachie fundi.

Nne, tumwagie maji kidogo kidogo kwa kopo, si kwa mashine ya msukumo mkubwa. Tukaushe kwa kitambaa, tuache boneti wazi hadi unyevu uishe, tuondoe plastiki zote, ndipo turudishe waya wa betri, wa hasi ukiwa wa mwisho. Gari liwashiwe nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake huua bila kelele.

Maji yenye oili yasielekezwe kwenye kisima wala bustani ya mboga. Mtoni tusiende kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingoni.

Ajali ikitokea, tukumbuke haya. Aliyekunywa petroli asitapishwe, asipewe maziwa, akimbizwe hospitali. Tindikali ya betri ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha aende hospitali. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi ya bomba kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala unga.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukuta pembezoni mwa dari, asije mtu akaanguka. Sisi hatujengi dari za namna ile, lakini agizo linatuhusu. Kuiondoa chupa ya petroli mahali anapofikia mtoto ni kujenga ukuta ule.

Jumamosi ijayo, dada, kabla ndoo haijatoka, msomee baba watoto ukurasa huu. Mungu azilinde nyumba zetu.