Mizani ya Nyimbo: Waimbaji Watano wa Thika na Ruiru (Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia niliahidi kuwapanga kwa daraja waimbaji watano ambao nimeishi na nyimbo zao kwa takriban miaka hamsini katika nchi hii iliyo baina ya Ruiru na Thika, nikaanza kwa daraja ya tano na ya nne, kisha nikasita, kwa kuwa nafasi ya gazeti ilikwisha na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mzito kupanda juu zaidi. Msomaji ambaye makala ile ilimpita ajue tu kwamba daraja ya tano nilimpa Queen Jane, yaani Jane Nyambura wa Murang'a, aliyefariki mwaka 2010, kwa ajili ya wimbo wake Mwendwa KK. Na ya nne nikampa John De'Mathew wa Gatanga kwa ajili ya Njata Yakwa. Wako walionilaumu wakisema De'Mathew alistahili kupandishwa. Huenda. Walakini mtu aliyekuwapo Thika usiku wa tarehe 18 Agosti 2019, gari la mwimbaji huyo lilipopata ajali karibu na hoteli ya Blue Posts na habari ikaenea mjini kabla hakujapambazuka, anajua kwamba mauti humpa msikilizaji sikio jingine, na mimi hata leo sijapata yakini kama ninaposikiliza Njata Yakwa nausikia wimbo au nausikia msiba. Kwa hiyo nimemwacha pale pale, mpaka sikio langu litulie.

Ama mizani yangu ni hii. Simpimi mwimbaji kwa wingi wa santuri alizouza, wala kwa uhodari wa vidole peke yake. Napima kwanza maneno yake yana uzito gani yakivuliwa muziki, na pili muziki wake una staha gani kwa maneno, yaani kama magitaa humwachia msemaji nafasi ya kusema kisha yakamjibu, mithili ya hadhirina katika ngoma ya gungu wanavyomnyamazia shaha mpaka amalize ubeti wake. Hizo mbili nilikuja nazo kutoka Mvita nilikozaliwa. Ya tatu nimeipata huku huku, nayo nitaieleza mahali pake, kwa kuwa ndiyo iliyoamua nani awe wa kwanza.

Daraja ya tatu ni ya Daniel Kamau, ambaye watu wote humwita DK, mzaliwa wa Gatanga wa mwaka 1949. Gatanga si mbali na Thika, na sijui sehemu nyingine ya ukubwa ule katika Kenya iliyotoa wapiga gita wengi namna ile. Santuri zake za kwanza zilitoka mwaka 1967, angali mwanafunzi wa shule, naye huhesabiwa miongoni mwa waliouingiza muziki wa benga katika nyimbo za Kigikuyu. Neno hili benga lataka maelezo kidogo. Asili yake ni kwa Wajaluo wa Nyanza, ambao mafundi wao waliuchukua mdundo wa nyatiti, chombo chao cha nyuzi nane, wakauhamishia katika gita la umeme. Gita la solo humfuata mwimbaji nyuma na kuyarudia maneno yake kwa nyuzi, na besi haisimami mahali pamoja bali hutembea. Wazee wa Kigikuyu walikuwa na mwomboko wao, dansi ya akodiani na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a, ya hatua mbili na kuinama, yenye utaratibu na adabu nyingi. DK alikuwa kijana wa zama nyingine, akataka mwendo wa kasi, akaupata. Wimbo wake niupendao zaidi ni Murata, maana yake Rafiki. Ni wimbo mwepesi, na wepesi wake ndio uzuri wake na ndio uliomzuia kupanda zaidi ya hapa. Sina la kuongeza juu yake ila kwamba sijapata kumwona mtu akikunja uso unapopigwa.

Sasa namfikia Joseph Kamaru, wa daraja ya pili, na hapa naomba subira ya msomaji. Alizaliwa Kangema mwaka 1939, akaenda Nairobi angali kijana kutafuta kazi, na katika miaka ya sitini sauti yake, pamoja na ya dada yake Catherine Muthoni aliyeimba naye wimbo wa Celina, ikaingia katika kila nyumba iliyokuwa na gramafoni kutoka Kiambu hata Nyeri. Sifa yake kubwa ni lugha. Kamaru aliimba kwa methali, na methali zenyewe si zile za vitabu vya shule, bali za wazee waliokaa barazani na kutafuna neno kabla ya kulitoa, hata vijana wa Kigikuyu wa leo huhitaji kufasiriwa baadhi ya beti zake.

Mwaka 1969 alitoa Ndari ya Mwarimu, yaani Mpenzi wa Mwalimu, wimbo uliomshutumu mwalimu amtakaye mwanafunzi wake. Chama cha walimu kikaghadhibika, kikatishia mgomo. Mimi nilifika Ruiru mwaka 1976 nikiwa mwalimu kijana, na ingawa miaka saba ilikuwa imepita, ndani ya chumba cha walimu mlikuwa hamna aliyethubutu hata kuuvumisha kwa pua. Mmoja wa wakubwa wangu aliniambia kwamba wimbo ule ulituvunjia heshima sisi sote. Nilimsikiliza kwa adabu, maana alikuwa amenizidi umri na cheo, lakini moyoni nilijua kwamba hakusema kweli, kwa kuwa nilikwisha kumwona binti mmoja akiacha masomo kwa sababu ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Katika kazi ya ualimu niliyoifanya kwa miaka thelathini, sikupata kuona waraka wowote wa wakaguzi uliowatia walimu woga wa haki kama ulivyofanya wimbo huo wa dakika chache. Huo ndio wimbo bora wa Kamaru kwa hukumu yangu, na najua wengi watasema ni ule aliomtungia J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa mwezi wa Machi 1975. Sikatai utukufu wa wimbo wa J.M. Ulitoka mwaka ule ule, damu haijakauka, redio ya serikali ikakataa kuupiga, na watu wakautafuta wenyewe. Lakini msiba wa J.M. ulikuwa na waombolezaji wengi. Wasichana wa shule walikuwa na Kamaru.

Wako wasiomsamehe kwa sababu baadaye, mwaka 1980, alikwenda Japani katika msafara wa Rais Moi, na aliporudi akaimba Safari ya Japan kwa sifa. Mimi naliona jambo hili kwa namna nyingine. Kamaru alikuwa mwenye kuandika tarehe ya watu wake kwa sauti, na mwandishi wa tarehe hula karamuni kama anavyokwenda mazishini. Tena urafiki ule na wakubwa haukudumu, maana madai ya vyama vingi yalipoanza naye alisimama upande wa madai. Mwaka 1993 akaacha nyimbo za dunia akaingia katika nyimbo za Injili, jambo lililowahuzunisha wapenzi wake wengi, nami nikiwa mmoja wao. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu wake, anayeitwa Joseph Kamaru vile vile na ajulikanaye ulimwenguni kama KMRU, ni fundi wa muziki wa mitambo usio na maneno hata kidogo, naye ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake ili watu wa mbali wazisikie. Babu alikuwa maneno matupu yenye gita, na mjukuu ni sauti tupu isiyo na neno. Nimezisikiliza zote mbili usiku mmoja, nikaona kwamba subira yao ni moja.

Basi kwa nini mtu huyu asiwe wa kwanza? Jibu langu ni jirani yangu. Nilipopanga chumba Ruiru, jirani alikuwa mzee wa Kigikuyu mwenye vikahawa vyake vichache, na kila Jumapili baada ya ibada alinifasiria wimbo mmoja wa Kamaru, akisimamisha santuri kila baada ya ubeti. Methali moja iliweza kutuchukua nusu saa. Nilifaidika mno, na Kigikuyu changu chote kilichonyoka nimekipata kwa mzee yule, Mungu amrehemu. Lakini kila nilichokipata kwa Kamaru nilikipokea kutoka mkononi mwa mtu mwingine. Chumba cha pili kilikuwa na kijana wa Kijaluo wa kiwanda cha nguo cha Thika, cha tatu kilikuwa na mama wa Kitaita, cha nne na Mkamba aliyekata mkonge, na Jumapili zile milango yao ilikuwa imefungwa.

Hii ndiyo mizani yangu ya tatu. Thika na Ruiru si vijiji vya ukoo mmoja. Reli ilifika Thika mwaka 1913, mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi yakaita watu, viwanda vya ngozi, nguo na makopo vikaita wengine, na ploti zikajaa watu ambao mama zao hawangeweza hata kuamkiana. Wimbo wa mahali kama hapa napenda uingie katika vyumba vyote vya ploti bila mkalimani.

Daraja ya kwanza nampa Kakai Kilonzo.

Alizaliwa mwaka 1954 upande wa Kilimambogo, mlima ule wenye mita zaidi ya elfu mbili unaoonekana kutoka Thika kila asubuhi isiyo na ukungu, ambao Wamasai huuita Oldoinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Katikati ya miaka ya sabini akaunda bendi, akaiita Les Kilimambogo Brothers. Neno la kwanza la Kifaransa lilikuwa mtindo wa siku zile, kwa kuwa bendi za Kongo zilizojaa Nairobi zilikuwa na fahari yake. Neno la tatu la Kiingereza. Na katikati ukakaa mlima wa mbogo. Alianza kwa Kikamba, akapendwa na watu wake, na angeweza kukaa hapo akala raha. Hakukaa. Akageukia Kiswahili, akaimba benga la Kikamba, lenye ngoma ya mguu inayopiga sawasawa bila kuchoka na magitaa mawili yanayosukana, kwa lugha ambayo mkata mkonge, karani, utingo na muuza chai waliielewa sawa.

Nitakiri kwamba mwanzoni nilikinzana naye. Mimi ni mtu wa Mvita, nimelelewa katika tenzi, na kazi yangu ilikuwa kusahihisha Kiswahili cha watoto kwa wino mwekundu. Kiswahili cha Kakai ni cha bara, upatanisho wake wa ngeli una njia zake mwenyewe, na ningempa mwanafunzi alama chache kwa insha ya namna ile. Ilinichukua miaka kutambua kwamba fasaha ina kipimo kingine nisichokijua, nacho ni kuwa kila neno limekaa juu ya mdundo mahali ambapo halitasahauliwa. Kisha ikanijia Kajituliza Kasuku, wimbo ambao nimeuweka juu ya nyimbo zote za nchi hii. Tazama jina lake tu. Sisi wa Mvita husema kaja, kenda, katulia, tukiidondosha a ya mwanzo, na ka hiyo haianzi hadithi bali huiendeleza; yataka jambo lililokwisha kutangulia. Mtu asikiapo jina hilo huhisi kana kwamba ameingia chumbani katikati ya mazungumzo, naye hana budi kukaa aulize yule ndege alifanyiwa nini hata akajituliza. Sidai kwamba mwimbaji alikusudia mambo ya sarufi. Nasema tu kwamba mtoto wa Kilimambogo alilipata kwa sikio jambo lile ambalo mimi nililifundisha kwa chaki, na wanafunzi wangu walikuwa wakiuimba wimbo wake wakitoka darasani kwangu. Ana nyimbo nyingine za kushindana na huo, Mama Sofi na Baba Mkwe zikiwamo, na msomaji akizipandisha hizo sitagombana naye.

Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 33. Kamaru aliishi hata 79. Nikiitazama hesabu hiyo huona kwamba mimi nampa daraja ya juu mtu ambaye kazi yake ilikatwa katikati, na pengine huruma imeingia katika hukumu yangu, kama ilivyoingia hofu katika hukumu ya De'Mathew. Nimejichunguza. Naamini si huruma, kwa sababu nilikwisha kumpa daraja hiyo moyoni angali hai, katika ploti ile ya Ruiru.

Santuri ndogo za zama zile zilikuwa na sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, na wimbo ulikatwa pale pale gita lilipoanza kuchangamka, kwa hiyo ilibidi mtu ainuke aigeuze sahani. Gramafoni ilikuwa ya yule Mkamba wa chumba cha nne, naye mwisho wa mwezi aliitoa akaiweka uani juu ya ndoo iliyofudikizwa. Milango yote ilikuwa wazi. Upande wa kwanza ulipokwisha hakuna aliyengoja mwenye chombo. Aliinuka aliyekuwa karibu, mara yule kijana wa Kijaluo, mara mama wa Kitaita mikono yake ikiwa na unga, na siku moja, nakumbuka vizuri, mzee wangu wa Kigikuyu aliweka chini kikombe chake cha chai, akaenda kwa mkongojo wake, akaigeuza.