Fainali Huchezwa Saa ya Nani?

Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli iitwayo George mjini Huddersfield, kaskazini ya Uingereza, wajumbe wa vilabu zaidi ya 20 vya raga walikutana wakakata shauri la kujitenga na chama kikuu cha mchezo huo, na jambo lililowafarikisha, ukilitazama kwa makini, lilikuwa ni suala la saa za kazi. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na wa viwanda vya kufuma nguo, ambao Jumamosi asubuhi walikuwa wangali wanamtumikia tajiri, na kila walipoomba ruhusa ili wawahi mechi walikatwa ujira wa saa walizozikosa. Vilabu vikataka kuwafidia hasara hiyo, na wakubwa wa chama, ambao aghalabu walikuwa watu wa nafasi wasiongoja mshahara wa juma, wakakataa katakata, kwa itikadi yao kwamba mchezo ukishatiwa fedha umekwisha kunajisika. Ndipo ikazaliwa raga ya ligi, ambayo tangu 1906 huchezwa na watu 13 kila upande badala ya 15, na ambayo ingali hadi leo ni kipenzi cha wafanya kazi wa Uingereza ya kaskazini na wa mashariki ya Australia.

Habari hii ya mbali naileta mbele ya msomaji wa Bujumbura kwa kuwa suala lile lile la 1895 linaonekana wazi wazi katika Zone Industrielle, mtaa wa viwanda ulioko jirani ya Buyenzi na Ngagara, zamu zinapopokeana jioni, wengine wakitoka na wengine wakiingia, na kila mmoja wao, ikiwa ni msimu wa fainali, akiuliza mechi itaanza lini na kama mwenye zamu ya usiku atapata japo kipindi cha kwanza. Tofauti iliyopo ni kwamba yule wa Huddersfield alikuwa mchezaji na huyu wa Bujumbura ni mtazamaji. Lakini wote wawili wamewekewa saa na mtu asiyewajua.

Nje ya kibanda cha kutazamia mpira, karibu na mageti ya viwanda, mara nyingi utakuta ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki majina ya timu mbili, kiingilio, na saa ya kuanza iliyoandikwa kwa desturi ya Kifaransa, 21h. Na chini yake, ardhini, dumu la mafuta ya jenereta, maana umeme wa mji huu haumpi mtu yeyote ahadi ya dakika 90. Wateja wa pale waliosikia tangazo la redio ya Dar es Salaam wamekwisha kuambiwa kuwa mechi ni saa nne usiku, ilhali ubao unasema saa tatu, na yote mawili ni sahihi, kwa sababu Burundi, pamoja na Rwanda na Kongo ya mashariki, hufuata saa iliyo nyuma ya ile ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Kigoma na Bujumbura wananawa maji ya ziwa moja, lakini saa ya Kigoma imetangulia. Tena saa ya Bujumbura, kwa bahati njema, inakwenda sawasawa na jua: adhuhuri jua liko utosini, na saa kumi na mbili jioni linazama nyuma ya milima ya Kongo, siku zote za mwaka kwa tofauti ya dakika chache tu.

Sasa basi, ni nani aipangaye saa ya fainali? Hapo kale ilikuwa ni chama cha mchezo chenyewe, nacho kilichagua alasiri, kwa kuwa jua ni taa ya bure na watu waliokuja uwanjani walihitaji kurudi makwao. Televisheni ilipoanza kununua haki za matangazo kwa fedha nyingi, mnunuzi akawa na neno lake. Yeye hatafuti jua. Hutafuta ile saa ambayo watu wengi zaidi wa nchi yake wamekwisha kula, wameketi sebuleni na hawana pa kwenda, kwa kuwa tangazo la biashara la saa ile huuzwa kwa bei isiyolingana na la alasiri. Mfano bora wa nguvu hiyo ni hii hii raga ya ligi. Kwa miaka mia moja kule Uingereza ilikuwa mchezo wa majira ya baridi, wa matope na mvua, hata ilipofika 1995, kampuni ya tajiri wa televisheni Rupert Murdoch ikatoa ahadi ya pauni milioni 87 kwa miaka mitano, na mwaka uliofuata msimu mzima ukahamishwa ukawa wa majira ya joto, ligi ikapewa jina jipya la Super League na mechi yake ya kwanza ikachezwa Paris, Machi 1996. Haukupita muda, bingwa hakutafutwa tena kwa hesabu ya pointi za msimu peke yake, bali tangu 1998 hupatikana kwa fainali kuu ambayo kwa kawaida huchezwa usiku katika uwanja wa Old Trafford, kwa maana televisheni hupenda kilele, na jedwali la pointi halina kilele.

Australia mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Fainali kuu ya ligi yao ilikuwa ni ya mchana hadi 2001, ilipochezwa usiku kwa mara ya kwanza; kuanzia 2008 ikarudishwa kwa miaka michache hadi saa za kuelekea magharibi, na tangu 2013 imekuwa ya usiku tena. Siku hizi huanza saa moja na nusu usiku kwa saa ya Sydney, Jumapili ya mwanzo wa Oktoba, siku ambayo mara kwa mara ndiyo hiyo hiyo jimbo la New South Wales linaposogeza saa zake mbele kwa ajili ya majira ya joto. Na kwa kuwa jimbo la Queensland, lililo jirani na lenye mapenzi makubwa ya mchezo huu, halisogezi saa zake kabisa, watu wa Brisbane huitazama saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo hata katika nchi tajiri kama ile, ndani ya pwani moja, wako watu wanaotafsiri saa ya tangazo kabla ya kuketi, kama afanyavyo mtu wa Buyenzi asikiapo redio ya Dar es Salaam. Kwa saa ya Bujumbura fainali hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, Jumapili, wakati viwanda vingi vimenyamaza.

Tuje kwetu. Mwaka 2025 Simba ya Tanzania ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, na Bujumbura, ambako Simba na Yanga zina wapenzi ambao mapenzi yao hayapungui ya wenyeji, kwa kuwa vijana wa Kirundi kama Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza wamezichezea timu zote mbili, watu walizingojea mechi mbili hizo kwa hamu. Ya kwanza, ya Jumamosi tarehe 17 Mei, ilichezwa Berkane usiku, nayo ilipoanza Dar es Salaam ilikuwa saa nne na Bujumbura saa tatu, hata mwenye zamu ya usiku hakuwa na njia ya kuiona. Ya pili, ya tarehe 25 Mei, ilihamishiwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa kuwa nyasi za uwanja wa Benjamin Mkapa hazikuwa katika hali ya kufaa, ikachezwa Jumapili saa kumi jioni, yaani saa tisa alasiri ya Bujumbura. Simba walifungwa 2–0 kule na wakatoka sare ya 1–1 Zanzibar, kombe likaenda Morocco. Lakini mimi nasema, na nasema kwa yakini, kwamba mechi ile ya Amaan ndiyo iliyopangwa kwa haki ya mtazamaji wa kwetu, kwa kuwa mtoto aliweza kuitazama pamoja na babaye na wote wawili wakarudi nyumbani jua lingaliko.

Jambo jingine linalostahili kufikiriwa ni uamuzi wa UEFA, uliotangazwa Agosti 2025, kwamba fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, kuanzia ile ya tarehe 30 Mei 2026 iliyopangiwa Budapest, itaanza saa kumi na mbili jioni badala ya saa tatu usiku kwa saa ya Ulaya ya kati. Sababu walizozitoa ni za busara: familia zenye watoto, treni za kurudi, mji unaobaki na usiku wake. Katika majira yale saa ya Budapest ni sawa na ya Bujumbura, kwa hiyo hapa pia ni saa kumi na mbili, na mwenye kurudi kwa miguu Kamenge au Kinama atashukuru kuwa hatoki kibandani karibu na saa sita usiku. Lakini saa kumi na mbili ya Bujumbura ndiyo Magharibi yenyewe. Muislamu wa Buyenzi, ambaye zamani alikwisha kuswali Magharibi na Isha kabla ya filimbi ya kwanza, sasa ataadhiniwa mpira ukiwekwa kati, na Isha itaingia kipindi cha pili; na mfanya kazi wa kiwandani ambaye zamu yake huisha saa hiyo hiyo ataingia kibandani akiwa amekwisha kupitwa. Sidhani kuwa waliokaa mezani kupanga walikusudia kumdhuru mtu. Hawakuwa na mtu wa Buyenzi mawazoni, basi.

Inafaa pia kueleza kuwa picha yenyewe ni moja tu. Kamera zilizopangwa uwanjani huendeshwa na mtayarishaji mmoja, na picha ile hurushwa kwa setilaiti kwa wanunuzi wote, kila mmoja akaitia sauti ya watangazaji wake, hata ikawa goli moja linasikika kwa Kifaransa katika Canal+, kwa Kiingereza katika SuperSport na kwa Kiswahili katika vituo vya Tanzania. Safari hiyo ya angani na kazi ya king'amuzi huchukua sekunde kadhaa, ndiyo sababu mlinzi wa geti la kiwanda, mwenye redio ndogo iliyofungwa mpira wa baiskeli kushikilia betri, huweza kupiga ukelele wa goli wakati walioko kibandani jirani bado wanamtazama mshambuliaji akiukokota mpira katikati ya uwanja.

Ama suala la mlango, yaani la nani apate kuiona picha hiyo, ni zito kuliko la saa. Uingereza ina sheria, yenye msingi katika Sheria ya Utangazaji ya 1996, inayotaja mashindano ambayo ni sharti vituo vya bure vinavyowafikia takriban watu wote vipewe nafasi ya kuyaonyesha moja kwa moja, na katika orodha hiyo, pamoja na fainali ya Kombe la Dunia, imo fainali ya Kombe la Challenge la raga ya ligi, mchezo ule ule wa wachimba makaa. Australia nayo ina orodha kama hiyo, na fainali kuu ya Sydney imo. Maana yake ni kwamba nchi zinazoongoza kwa biashara ya televisheni zimekiri zenyewe kuwa fainali fulani ni mali ya umma, na hazistahili kufungiwa nyuma ya ada ya mwezi. Kwetu, ambako ada ya king'amuzi chenye mpira ni mzigo kwa mtu wa mshahara mdogo, mlango umebaki kuwa ni kibanda, na kibanda ni mkusanyiko, na usalama wa mkusanyiko hutegemea mambo yasiyohusu mpira. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wa Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Ethiopian Village, mabomu yaliua watu zaidi ya 70. Wapiganaji wa Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya, wakitaja majeshi ya Uganda yaliyokuwako Somalia, ambako askari wa Burundi pia walikuwako. Waliokufa walikuwa wametoka majumbani kwao kwa ajili ya mechi.

Burundi nayo imepata fainali zake. Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikatoka sare ya 1–1 nyumbani na Africa Sports ya Abidjan, kisha ikafungwa 4–0 ugenini. Na wakati huo nchi ilikwisha kuwa na televisheni ya taifa tangu 1984, jambo ambalo Tanzania bara haikuwa nalo hata 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF na watu wa bara wakategemea redio. Ligi kuu ya Burundi imekuwa ikichukua jina la bia ya Primus, inayotengenezwa na Brarudi, kiwanda kilichoasisiwa 1955. Kwa hiyo mfanya kazi anayezijaza chupa zile anachangia kwa jasho lake kuuendesha mpira ambao, zamu ikimwangukia vibaya, hauoni.

Rai yangu ni kwamba fainali ya Kombe la Rais la hapa Burundi ionyeshwe na televisheni ya taifa bila malipo, kwa sheria iliyoandikwa wala si kwa hisani ya mwaka hadi mwaka, na ichezwe Jumapili, wala si Jumamosi ambayo asubuhi yake ni ya kazi za jumuiya. Ikianza saa tisa alasiri, wa kanisani wamekwisha kurudi na kula, viwanda vingi vimefungwa, haihitajiki taa ya uwanjani hata moja, na dakika 90 pamoja na mapumziko huisha kabla ya saa kumi na moja. Hata ikitokea sare, zikaongezwa dakika 30 na penalti zikapigwa, kombe litakuwa limekwisha kutolewa kabla ya adhana ya Magharibi.