Karatasi ya sigara si fyuzi

Msimu wa maembe ukifika, pikapu kuukuu za Jilore na Kakoneni hazilali. Juzi nilipanda moja kwenda Malindi, na kabla ya Ganda tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Dereva akafungua boksi la fyuzi. Mahali pa fyuzi ya taa za mbele palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

"Ilikuwa yakatika kila siku, bwana, ndiyo nikaitibu," akaniambia bila wasiwasi.

Hebu tupige hesabu. Balbu mbili za wati 55 kwenye umeme wa volti 12 hula kama ampea 9. Yeye, kwa giza la barabara ile, alikuwa ameweka za wati 100 kila moja: karibu ampea 17, kwenye waya uleule mwembamba wa kiwandani. Fyuzi ilikatika kwa haki. Ilipoondolewa, kilichobaki kuungua ni waya wenyewe, pamoja na zote zilizofungwa naye fungu moja hadi ndani ya dashibodi. Anayetaka mwanga mkali avute waya mnene kutoka kwa betri kupitia rilei, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri.

Fyuzi ikikatika gari linaporuka shimo tu, tafuta waya uliochubuka, hasa unapopenya bati bila mpira wa kuukinga. Tazama pia meno ya panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi haliwakosi.

Ugonjwa mwingine ni ethi, na gari lililowahi kubeba chumvi Gongoni lishuku mapema. Ule waya mnene wa kuunganisha injini na bodi huoza kwa kutu, nao umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwa betri, hata kupitia kebo ya mafuta ya mguuni, ikapata moto. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, safisha viungo au badilisha waya. Huna mita? Baada ya kupiga stata, zima gari kisha gusa viungo: kinachochoma kidole ndicho kibovu.

Kabla ya kushika waya wowote, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri. Angalia pia mipira ya petroli. Iliyopasuka karibu na waya uliochubuka ni hatari kuliko yote niliyotaja.

Moshi ukitoka, zima swichi na shusha abiria, wa nyuma juu ya maembe wakiwa wa kwanza. Usiinue boneti yote, kwani hewa huuchochea moto. Pulizia poda ya kizima moto kupitia mwanya mdogo. Petroli ikiwaka usimwagie maji, tumia mchanga.

Yule dereva tulimwacha kwa fundi wa waya, Malindi. Maembe yakapakiwa gari jingine.