Zambarau za Msikitini: Neema Isioze Chini ya Mti

KILA unapoingia msimu wa kaskazi, mzambarau ulio nyuma ya msikiti wetu hapa Pongwe huinama kwa uzito wa matunda. Kwa wiki mbili hivi watoto wa madrasa hurudi majumbani na ndimi za rangi ya wino, popo hula usiku kucha, na inapofika Alfajiri ua mzima huwa umetapakaa zambarau zilizopasuka. Nzi hujaa, na mikeka huingia madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Mwaka juzi kamati ilikutana baada ya Swala ya Isha ikiwa na ajenda moja tu: mti ukatwe au uachwe. Kilichotia uzito kikao kile ni kijana wa madrasa aliyeanguka kutoka tawini na kuvunjika mkono. Mimi, nikiwa katibu, nilikwishaanza kuandika kumbukumbu, na wengi waliegemea shoka. Ndipo bibi mmoja, ambaye amekuwa akifagia ua ule tangu sijaenda chuoni, akaomba kusema kutoka upande wa akina mama.

“Wanangu,” alisema, “mti haujakosa. Tuliokosa ni sisi, tunaongoja neema ianguke chini ndipo tuilalamikie.”

Kikao kilinyamaza. Tulikubaliana kuupa mti ule msimu mmoja wa majaribio.

Matunda haya ni ya nani?

Swali la kwanza halikuwa la jikoni bali la kifiqhi. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kwamba mti uliopandwa kwa ajili ya msikiti, matunda yake huuzwa na thamani yake ikatumika kwa maslahi ya msikiti. Uliopandwa ili watu wale, basi ni halali kwao kula. Nia ya mpandaji isipojulikana, hutazamwa ada ya mahali. Wazee walishuhudia kuwa mzambarau wetu umeliwa na wapita njia tangu zamani. Kwa hiyo tuliamua kwamba anayekula chini ya mti asizuiwe, na kitakachotengenezwa na kuuzwa kiwe mali ya msikiti.

Katika madhehebu hayo, matunda yenye zaka ni tende na zabibu, si zambarau. Hata hivyo, Surat al-An’am, aya ya 141, inatuamuru kutoa haki ya mavuno siku ya kuvuna, na papo hapo inakataza israfu. Naye Mtume (SAW), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anacholiwa na mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Basi hata popo wana fungu lao!

Namna ya kuvuna

Zambarau haiivi zaidi baada ya kuchumwa. Ichumwe ikiwa nyeusi kabisa. Ile yenye wekundu hukausha mdomo. Tena haikai: siku moja au mbili katika joto letu la Tanga, imeharibika. Kwa sababu hiyo, siku ya kuvuna iwe ndiyo siku ya kupika.

Hakuna mtoto anayepanda sasa. Watu wanne hushika turubai pembeni, na kijana mmoja husimama chini akatikisa matawi kwa upondo wenye ndoano. Zilizopasuka hutengwa. Zilizo nzima huoshwa mara tatu, kwa kuwa sisi wa Pongwe tunaishi na vumbi la mawe ya chokaa, kisha hulowekwa kidogo katika maji ya chumvi ili kupunguza ukakasi.

Shira ya zambarau

Zitie zambarau katika sufuria na maji kidogo, moto uwe wa wastani, ukoroge mpaka nyama iachane na kokwa. Chuja kwa kung’uto, kisha kwa kitambaa safi. Kila lita moja ya maji ya zambarau tia sukari kilo moja na maji ya malimau mawili. Chemsha dakika kumi ukiengua povu. Mimina ingali moto katika chupa zilizochemshwa, na ufunge barabara. Usiiache shira ndani ya sufuria ya aluminiamu, kwa maana ukali wa tunda huila. Wakati wa kunywa, kipimo kimoja cha shira kwa vinne vya maji baridi chatosha.

Wenye maradhi ya kisukari wasiiguse shira hii. Wale tunda lenyewe kwa kiasi. Na unga wa kokwa, ambao wengi huusifia, usimfanye mgonjwa aache dawa za hospitali.

Tahadhari ya halali

Maji ya tunda yasiyochemshwa yakiachwa kwenye joto huchacha na kugeuka kileo. Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (SAW) alikuwa akirowekewa kinywaji chake na akikinywa hadi jioni ya siku ya tatu. Baada ya hapo hakukinywa tena. Kwa hali ya hewa yetu, nashauri juisi mbichi inywewe siku ileile. Ikianza kutoa mapovu na harufu kali, imwagwe. Wala mtu asidhani ataiokoa kwa kuitia kitu ili iwe siki, kwani kwa Mashafi kileo kilichogeuzwa hivyo hakitohariki. Siki iliyogeuka yenyewe ndiyo halali.

Mafanikio ya msimu

Msimu ule fungu la kwanza lilipelekwa kwa wajane na wagonjwa wa mtaa. Chupa zilizobaki akina mama waliziuza baada ya Swala ya Ijumaa, na nyingine zikapanda daladala hadi Ngamiani. Mapato yalinunua mikeka mipya, badala ya ile iliyotiwa madoa na mti uleule. Kijana aliyevunjika mkono, ambao sasa umepona, ndiye anayeshika pembe ya kwanza ya turubai.

Ndugu msomaji, huenda uani kwako hapana mzambarau, bali pana mwembe, mpera au mfenesi. Kabla hujalalamikia uchafu wake, hesabu ni majirani wangapi wangefurahi ukiwabishia hodi na kikapu. Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshukuru. Amin.