UKIFUNGA RAMADANI, BEBA MAJI YAKO SHIMONI



Hapa Nyamitaba wengi wetu ni Wakristo, lakini katika timu zetu tuko pia na ndugu Waislamu. Dini yao iliingia mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, ikashika mizizi Nyangwe na Kasongo, katika Maniema. Kila mwaka mwezi wa Ramadani unatukuta kazini pamoja. Tuone namna ya kuumaliza bila ajali.

Kufunga ni nini?

Kwa siku 29 au 30, kufuatana na kuandama kwa mwezi, Mwislamu mzima mwenye afya hali, hanywi wala havuti sigara tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Anajizuia pia na uongo, matusi na hasira, na anamkumbuka mwenye njaa. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu yetu ni ya saa 13 na zaidi kidogo, mwaka wowote. Tarehe ndiyo inayohama: kila mwaka Ramadani inatangulia kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 ilianza mwanzo wa mwezi wa tatu, majira ya mvua. Wewe unajua: udongo wa milima ya Masisi ukilowa, unateremka. Siku kama hizo mchimbaji anahitaji macho yake yote.

Hatari iko wapi?

Baridi ya milima yetu inadanganya. Ukipiga sururu na kubeba mifuko ya mawe, jasho linakutoka hata kama hujisikii joto. Kwa ndugu zetu wa Walikale, katika msitu wa chini, joto linazidisha. Mwili ukikosa maji, kichwa kinauma, mkojo unakuwa mzito wa rangi, misuli inakaza, kizunguzungu kinakuja. Mtu wa namna hiyo akishika kamba, aliye chini yake ndiye anayeweza kufa.

Dini yenyewe imefungua mlango. Kurani, katika sura ya pili, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula, kisha kulipa siku hizo baadaye. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, akiogopea afya yake au ya mtoto, naye ana ruhusa. Na aliyefunga, maisha yake yakiingia hatarini, anafungua. Basi usifiche kizunguzungu kwa kuogopa kuitwa dhaifu. Kuficha huko si ibada.

Fanya hivi:

1. Mwambie kapita wako kwamba umefunga. Omba kazi nzito ifanywe asubuhi, wakati nguvu bado ziko.

2. Beba maji yako shimoni hata kama umefunga. Siku ya shida utayahitaji, na jua likizama ungali kazini utafungulia hayo. Chini hakuna adhana, kwa hiyo uwe na saa.

3. Kusukutua kinywa bila kumeza, na kujimwagia maji kichwani, hakuvunji saumu.

4. Usiku kunywa maji kidogo kidogo mpaka alfajiri, si yote mara moja. Lala mapema.

5. Ukiwa na ugonjwa wa sukari, au unameza dawa kila siku, muone munganga kabla mwezi haujaanza. Ukitetemeka na kutoka jasho baridi, fungua mara moja kwa kitu cha sukari.

Mama wa nyumba, daku ni chakula cha kazi. Pika bugali na maharagi, uji, ndizi. Maziwa yetu ya Masisi ni mazuri. Makayabu na chumvi nyingi ziache, zinaleta kiu mchana kutwa.

Na wewe usiyefunga? Usimcheke mwenzako, wala usimlazimishe kula. Mwangalie. Akianza kujibu ovyo au kuyumba, mtoe nje, mlaze kivulini, inua miguu yake, umpe maji. Akiwa amezimia, usimtilie kitu kinywani: mlaze kwa ubavu, tuma mtu mbio kwenye dispanseri.

Kapita, mtu akikuambia amefunga, usimkasirikie. Amekusaidia kupanga kazi. Mbaya ni yule asiyesema, akashuka, na tukajua habari yake wakati kamba imekwisha kumponyoka.

Saumu iliyokosekana leo inalipwa siku nyingine. Mkono au mguu uliokatika haulipwi, na baba aliyebaki shimoni harudi nyumbani kula Idi na watoto wake.

Tunawatakia Ramadani njema. Shukeni salama, pandeni salama.